Siku Sengamalam Alipompamba Bi Harusi kwa Mdomo

Pale mjini Mannargudi msichana akishaposwa, mama yake hakimbilii ukumbi. Anamkimbilia Sengamalam. Ukumbi huu ukiukosa utapata ule, lakini mikono inayojua kulaza asumini juu ya msuko mpaka kiunoni pasiwe na ua lililolegea, hiyo huipati kila mtaa.

Alikuwa mwanamke mfupi, umri umeshapita hamsini, pini za sari zimebanwa midomoni na maneno yanapita hapo hapo kati ya pini. Wasichana wa siku hizi humjia na picha kwenye simu. "Nataka niwe kama huyu." Sengamalam huitazama picha, akamtazama msichana, akauliza: "Huyu ana shingo. Yako umeiacha wapi?" Msichana akinuna, humcheka, kisha anamtengeneza. Shingo fupi, mkufu mmoja mrefu, na ule wa kubana koo urudi kabatini. Kimo kifupi, sari ya pindo jembamba, maana pindo pana humkata mtu vipande viwili. Paji pana, pambo la kichwani lishuke karibu na nyusi. Na asithubutu mtu kumwambia ampake bi harusi weupe. "Kakuposa ukiwa mweusi. Kesho asubuhi ukinawa uso si atapiga kelele za mwizi?"

Kazi hiyo ina sharti moja ambalo hakuna aliyeliandika na hakuna asiyelijua. Anayempamba bi harusi awe na mume aliye hai. Mjane hagusi sari ya harusi, hashiki maua yake, wala hamtii mtu unga mwekundu kwenye paji.

Mume Sengamalam alikuwa naye. Dhandapani alikwenda Tiruppur kwenye viwanda vya fulana, akapata mwanamke wa huko, akazaa naye, akatulia. Hakurudi. Hata sikukuu ya Pongal hakuleta salamu. Lakini alikuwa anapumua, na kwa watu hilo lilitosha. Sengamalam alivaa uzi wake wa manjano wa ndoa shingoni, pete zake kwenye vidole vya miguu, maua yake kichwani na unga mwekundu kwenye paji, vitu ambavyo mjane huondolewa. Jioni alirudi kwenye nyumba yenye sahani moja, akala wali wa mtindi akiwa amesimama jikoni, kwa sababu kujitandikia mkeka mtu mmoja aliona ni mbwembwe. Watu walimwita mwanamke mwenye bahati. Hakuwabishia.

Alichokuwa nacho ni wale wasichana. Alfajiri ya harusi mtoto wa watu huwa wake. Humshika kidevu, humwambia tazama juu, meza mate, ukilia wanja utashuka nikuchape. Kisha zumari linalia, mlango unafunguliwa, na msichana anatoka. Hageuki nyuma hata mmoja. Ageuke atafute nini?

Mwezi wa Vaikasi, harusi zikiwa zimepandana, alimpamba Yazhini, binti wa Manonmani, kwenye ukumbi wa karibu na ziwa la hekalu. Vazi la kwanza lilitoka safi. Yazhini akaenda kukaa mbele ya kasisi ili sari ya pili iombewe. Desturi ni kwamba bi harusi huipokea sari hiyo, hurudi nayo chumbani mbio, huvishwa, na ndipo hutoka kufungwa uzi wa ndoa. Sengamalam alibaki peke yake katikati ya makopo na vibanio, akitenga pini za vazi la pili. Simu yake ikalia.

"Shemeji!" Alikuwa Ilavarasan, mdogo wake Dhandapani, mtu ambaye hapigi simu ila kwa tukio.

"Sema."

"Shemeji, kaka ametutoka. Leo alfajiri. Moyo tu umesimama."

Sengamalam hakulia. Neno lake la kwanza lilikuwa: "We mpumbavu, hukuniuliza niko wapi?"

Maana mtu wa kwao mwenye habari ya msiba huanza na uko wapi, uko na nani, umekula? Ukimjibu niko harusini, huimeza habari yake, akakuuliza bei ya nyanya mpaka uzi ufungwe. Msiba ambao hujausikia haujakufika. Sikio ndilo linaloupokea mwiko wa msiba. Hakuna ukoo pale mjini ambao haujawahi kumficha mtu kifo cha mjomba wake hadi wali wa harusi uliwe. Ilavarasan naye amekaa Tiruppur mpaka amesahau adabu za simu.

"Uko wapi?" akauliza, amechelewa.

"Chumbani kwa bi harusi."

"Ameshafungwa uzi?"

"Bado."

"Mungu wangu! Basi sikupiga, shemeji. Kata. Mimi sikupiga."

"Umepiga, Ilavarasan."

Sauti za watoto wakilia zikasikika kwa mbali upande wa pili. "Yule mama wa huku hajiwezi," akasema. "Lakini wazee wanasema lazima uje wewe. Mke ni wewe. Ni kwa ajili ya mila tu."

"Najua ni kwa ajili ya mila tu," akasema Sengamalam, akakata.

Akakaa juu ya sanduku. Alitafuta ndani yake kitu kilichobadilika, asikione. Nyumba ni ile ile, sahani ni ile ile moja. Jana mwanamume hayupo na mikono yake ni baraka. Leo mwanamume yule yule hayupo na mikono yake ni mkosi. Angeweza kunyamaza. Angempamba msichana, akapanda basi la Tiruppur, akarudi na uzi wake shingoni. Nani angemuuliza? Na akisema, basi, ndio mwisho wa kazi. Hakuna mlango wa harusi ambao ungemfungukia tena hapa duniani. Lakini Yazhini akija kuumwa, au bwana harusi akianguka na pikipiki, Sengamalam angekaa na mikono hii maisha yake yote. Mambo mengi ya watu aliyacheka. Hili hakuwahi kulicheka.

Mlango ukasukumwa. Yazhini aliingia na sari nyekundu kifuani, mama yake Manonmani nyuma, na shangazi Vasugi akihema.

"Haraka, dada! Kasisi anasema saa njema inapita!" akasema Manonmani.

Sengamalam akarudi mpaka ukutani, akaficha mikono nyuma ya mgongo. "Mkono umeteguka," akasema. "Vasugi, shika wewe. Mimi nitakuelekeza."

"Mimi?" Vasugi alikuwa mwanamke ambaye sari yake mwenyewe siku zote huonekana kama ameivaa akikimbia moto. "Leo umekuwa mwalimu mkuu, hushiki chaki?"

"Shika pindo. Si hilo, la juu! Zungusha. Ingiza kiunoni kulia. Sasa kunja, upana wa vidole vyako. Vyako ni vinene, kunja chache."

"Umesikia, Manonmani? Ananitukana na kazi namfanyia mimi!"

"Tukana tu, dada, ila amalize," akasema Manonmani, akitazama mlango.

Yazhini alikuwa ameganda kama mtoto anayenyolewa. "Mama Sengamalam, njoo mwenyewe," akalalamika. "Shangazi ananichoma. Shika hapa tu. Hapa begani."

Bega lilikuwa hapo, karibu kiasi cha kulifikia kwa kunyoosha mkono. Pini ilikuwa imekaa vibaya, mikunjo imejikusanya upande wa kushoto, na vidole vya Sengamalam nyuma ya mgongo vilikuwa vinakunja hewa.

"Vuta pumzi, mwanangu," akasema. "Vasugi, toa hiyo pini, iingize kutoka ndani. Mkanda wa kiunoni, kaza. Pambo la paji lishushe kidogo. Kidogo, nimesema, si mpaka puani! Nenda. Nenda, tazama juu."

Yazhini akatoka. Ngoma zikalia kwa nguvu ile ya kuzima kila sauti mbaya isisikike wakati uzi unafungwa. Sengamalam akazisikiliza mpaka zikapungua, akabeba sanduku lake, akapitia mlango wa jikoni.

Manonmani akamkimbilia hadi barazani, sinia mkononi: tambuu, popoo, ndizi, nazi, manjano, bangili, asumini mbichi. "Bila baraka zako unaenda wapi? Watu wakisikia watasemaje!"

Sengamalam hakunyoosha mkono. Manonmani akaitazama mikono ile, kisha uso, na uso wake mwenyewe ukabadilika.

"Nani?"

"Yeye."

"Ulijua saa ngapi?"

"Kabla ya sari ya pili."

Manonmani akarudi hatua moja, sinia limemkaa kifuani. "Mwanangu hukumgusa," akasema.

"Sikumgusa."

"Mungu akulipe, dada."

Kisha akaanza kuondoa kwenye sinia vitu asivyopewa mjane, kimoja kimoja: maua, bangili, manjano, tambuu na popoo zake. Zikabaki ndizi na nazi. Akaliweka sinia ukingoni mwa baraza, akasogea mbali ili Sengamalam aweze kuchukua. "Sitamwambia mtu," akasema huku analia.

"Waambie tu. Wiki ijayo nitapita sokoni paji tupu, na watu wana macho."

Akachukua ndizi, nazi akaiacha, maana sanduku lilikuwa zito. Akasimamisha bajaji ya kwenda kituo cha basi. Njiani akampigia Poongothai, mpambaji wa mtaa wa pili, ambaye nyuma ya mgongo wake alimwita Mpaka Chokaa, kwa weupe anaowapaka maharusi.

"Sengamalam! Leo jua limechomoza wapi?"

"Nina bi harusi Jumatano. Mchukue."

"Unanipa mimi? Umelewa, au umefiwa?"

"Nimefiwa."

Poongothai akasema pole, akasema tena pole, kisha akakohoa. "Huyo bi harusi... yukoje?"

"Mrefu, mabega membamba. Blauzi iwe na mikono mpaka kwenye viwiko, bangili ya juu ya mkono usimvike, itamwonyesha mifupa. Msuko umjazie kwa ndani, nywele zake ni chache na anaona haya, usizitaje mbele ya watu. Asumini nunua usiku wa kuamkia, zikiwa bado matumba, zifunguke zikiwa kichwani mwake."

"Haya. Nimeelewa, dada. Pole sana." Akakata.

Bajaji ilikuwa imefika karibu na kituo Sengamalam alipokumbuka kwamba hajasema msichana yule ana kizunguzungu akikaa na njaa, apewe chochote kabla ya vazi la pili. Akapiga tena. Simu ya Poongothai ilikuwa inatumika. Akapiga akiwa kwenye foleni ya tiketi, akapiga tena akiwa amekaa dirishani na sanduku mapajani. Bado ilikuwa inatumika.