Sanduku la mita liling'oka ukutani kwa Mami, na mayai ya chama yako karibu kuanguliwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi huwa msomaji tu, nawaangalia mkibishana halafu naenda kulala. Lakini hii nilisema lazima niandike. Ni vile ilinitokea, sijaongeza chumvi. Ni ndefu kidogo, jipeni chai.

Naitwa Wawira. Nashona mapazia hapa Kinoru, Meru town, na huku ndiko nimeolewa. Kwetu ni Embu, upande wa Karurumo. Mami anaishi huko kwa ile nyumba yetu ya zamani, ya matofali ya udongo yaliyopigwa plasta ya simiti. Kaka yangu Mugendi amejenga kando, compound ni moja.

Mami ana mashine ya stima ya kuangua vifaranga. Si kubwa, lakini ndiyo kazi yake. Wamama wa chama chao cha kanisa humletea mayai ya kienyeji anawaangulia. Hiyo round ilikuwa imejaa hadi kona, kila yai limeandikwa jina la mwenyewe na kalamu.

Mimi nilikuwa nimeenda kumsalimia tu.

Napita kando ya nyumba, naona sanduku la mita limetoka ukutani. Sisemi limelegea. LIMETOKA. Upande wa juu umeachana na ukuta, misumari inachungulia, na mtu amelifunga kwa dirisha na kamba ya tyubu ya baiskeli.

Upepo ukipiga, linagonga ukuta. Ko, ko, ko.

"Mami, hii imekaa hivi tangu lini?"

"Tangu ile mvua kubwa. Mugendi alipigilia misumari, ikatoka. Akapigilia tena, ikatoka. Sasa ameweka mpira."

Nikasonga karibu, bila kugusa. Wakuu, harufu ya waya kuungua. Na hapo chini ndipo Mami huanika maharagwe. Kila siku anainama chini ya hiyo kitu.

Sikungoja. Nikapiga simu ya emergency ya watu wa stima. Bahati ikawa yetu, gari yao ilikuwa na kazi upande wa Runyenjes. Asubuhi iliyofuata walikuwa kwa gate.

Mkubwa wao akaangalia, akatikisa kichwa. Kijana wake akapanda posti akakata moto kule juu.

"Madam, hapa siwezi rudisha stima," akaniambia. "Mita ni yetu. Ukuta ni wenu. Tengenezeni mahali pa kushika, kisha mnipigie. Tuko area hii hadi jioni. Tukishaondoka leo, sitakudanganya ati najua tutarudi lini."

Wakaenda.

Mami alikuwa amesikia yote. Akaingia ndani. Nikamfuata, nikampata amepiga magoti kando ya mashine, sikio kwa kifuniko.

"Wawira," akasema polepole. "Vinalia."

Nikainama. Ni kweli. Vifaranga vilikuwa vinalia ndani ya mayai.

Kwa wale hawajawahi kufuga: hapo ndipo pabaya zaidi pa kupoteza joto. Umengoja wiki zote hizo, kifaranga kiko ndani kimeanza kugonga ganda, halafu baridi ya asubuhi ya Karurumo ikikipata, kinanyamaza. Na hayo mayai hayakuwa ya Mami. Angeambia nini wamama wa kanisa?

Tukachemsha maji, tukajaza chupa, tukazipanga kuzunguka mashine, tukaifunika na blanketi zote za nyumba. Mami akasema hiyo itasaidia mchana. Usiku, hapana.

Nikaenda kwa Mugendi.

"Hiyo nyumba nitabomoa," akasema, hata hajaweka kikombe chini. "Nitamjengea Mami ya mawe. Mbona tuhangaike na ukuta wa udongo?"

"Utamaliza kujenga leo jioni?"

Akapiga funda la chai.

Halafu akasema ile kitu. "Na wewe Wawira, umeolewa Meru. Mambo ya huku si utuachie?"

Wakuu, hiyo ilinichoma. Nilisikia macho yakianza kujaa, nikajikaza.

"Mugendi, sijaomba shamba. Naomba nyundo."

Akanipa. Lakini hakuinuka.

Nikarudi, nikasimama mbali na ukuta nikaangalia tu. Sikuwa na haraka ya kupiga kitu chochote. Misumari ilikuwa imepigwa mara mbili na mtu ana nguvu kuliko mimi. Kwa nini ilitoka?

Upepo ukaja. Mti wa mukima ulio kwa fence ukainama, tawi likalalia waya unaotoka kwa posti. Waya ukavuta. Sanduku likagonga. Ko.

Nikaona. Waya wote ulikuwa unaning'inia kwa sanduku! Hapo juu chini ya mabati kulikuwa na hook ya kushika huo waya, ilikuwa imevunjika, kipande chake kiko kwa maua. Kwa hivyo kila upepo, sanduku ndilo linavutwa. Hata ungepigilia misumari ya reli, ingetoka.

Na kuhusu ukuta mbovu, hiyo ni kazi yangu ya kila siku. Nimefunga mapazia mazito kwa kuta za kila aina. Ukuta wa udongo haushikwi kwa ngozi, ile plasta ya juu. Unautoboa hadi upande ule mwingine, unaweka mbao ndani na mbao nje, unakaza na bolti. Ukuta unabaki katikati kama nyama ya sandwich.

Nikakimbia kwa hadwea pale Karurumo nikarudi na bolti ndefu, washa pana za kukalia nati, na hook mpya. Sasa shida: hakuna stima, hakuna drill. Nikachukua nondo yenye ncha nikaanza kuzungusha na mkono, nagonga kidogo, nazungusha. Udongo unaniingia machoni. Plasta ikapasuka ufa mrefu, nikasimama nikiomba nyumba isiniaibishe.

Nikasikia mtu nyuma yangu.

"Shika chini kidogo," Mugendi akasema. "Nimeleta nondo yangu, nami nizungushe."

Hakuomba msamaha, mimi pia sikumuuliza. Tukatoboa. Nondo ya kwanza ilipotokea ndani, juu ya kiti cha Mami, tukamsikia akipiga kelele: "Sasa mnanifungulia dirisha ingine?"

Tulicheka hadi Mugendi akakaa chini.

Tukakaza mbao, moja nje, moja ndani. Mugendi akapanda ngazi, akafunga hook kwa mbao nene ya paa, kisha akakata lile tawi la mukima. Mita na waya hatukugusa hata kidogo, hiyo ni ya wenyewe.

Nikapiga simu. Saa hiyo jua linaenda, na Mami amebadilisha maji ya chupa hadi kuni zinaisha.

Gari ikakuja. Mkubwa akaangalia mbao zetu. Waya wakaufunga kwa hook, ukakaa juu bila kuvuta chochote. Ncha iliyoungua wakakata, wakaunga upya. Sanduku wakalikaza kwa mbao yetu. Halafu yule mkubwa wao akalishika na mikono miwili akavuta na uzito wake wote.

Halikusonga.

Akavuta tena.

"Hii haiendi mahali," akasema. "Nani amefunga?"

"Ni huyu dada yangu," Mugendi akajibu. "Mimi nimepanda ngazi tu."

Stima ikarudi. Taa ya mashine ikawaka, na Mami akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani ameoa.

Kesho yake vifaranga vilitoka. Si vyote, nitakuwa mkweli, kuna mayai hayakufunguka. Lakini vilivyotoka vilijaza katoni baada ya katoni, na wamama walikuja kuvichukua wakiimba. Mmoja alinishika mkono, akaenda kuangalia ukuta, akapapasa zile bolti na kidole, akasema, "Kumbe Ciarunji ana fundi kwake." Ciarunji ni Mami. Nilirudi Meru nikitabasamu peke yangu njia nzima.

Funzo nililobeba: kitu kikitoka mara ya pili, wacha kuongeza misumari. Tafuta kinachokivuta. Na sanduku la mita likilegea usilifunge na mpira wa tyubu ukaenda kunywa chai, ita wenye stima wakate moto kwanza.

Sasa nawasikiza nyinyi. Wenye nyumba za udongo, mmeshika vipi mita zenu? Mafundi, nikosoeni kama kuna mahali nimebahatisha. Na kama kuna binti humu aliambiwa ya kwao hayamhusu tena kwa sababu ameolewa, aandike hapa chini alifanya nini. Huyo nitamsoma wa kwanza.