Hapana ya Mheshimiwa

Khaemba alikuwa mkalimani wa korti ya Nakuru, na kwa miaka kumi na minne alilipwa kusema maneno ya watu wengine. Mshtakiwa akisema "nilimpiga", Khaemba alimgeukia hakimu Mzungu na kusema kwa Kiingereza, "Nilimpiga." Ndivyo kazi inavyotaka: mkalimani hasemi "huyu anasema". Kwa mtindo huo alikwisha kukiri wizi wa ng'ombe, ulevi, uchomaji wa ghala na mauaji mawili, naye ni mtu wa kugeuza uso kuku akichinjwa.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwenye ndiyo na hapana. Kulikuwa na Kemboi, mchungaji wa mifugo kutoka Kuresoi, aliyeulizwa kortini, "Hukuiba ng'ombe?" Akajibu, "Ndiyo." Hakimu, mgeni wa majuzi, alikuwa ameshika kalamu kumfunga. Khaemba akamweleza kwamba kwa Waingereza ndiyo hiyo ni kukiri, lakini kwetu ni kusema: ndiyo, sikuiba. Kemboi akarudi kwao. Tangu hapo mtu akikwama kwenye maneno, anaambiwa amtafute Khaemba.

Pamoja na sifa zote hizo, alilala mtaa wa Bondeni katika chumba cha wanaume wanne. Kitanda kilikuwa chake peke yake; kwa sheria ya mji, mke hakuruhusiwa. Mkewe Nabalayo na watoto wawili, mkubwa wao Wekesa, walikuwa nyumbani Kimilili, na kwa miaka kumi na mmoja Khaemba aliwaona wakati wa likizo tu. Mtoto mdogo alimwita mgeni. Jambo hilo lilimuuma, na hakumwambia mtu.

Basi mwaka wa 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuingiza watu wao katika Baraza la Kutunga Sheria, akatokea Bwana Kiprugut, msomi aliyekaa Uskoti miaka sita, akiahidi vyumba vya familia mjini. Watu walimchangia walichokuwa nacho. Wa Molo walitoa magunia ya viazi. Eucabeth, muuza mandazi wa Bondeni, alitoa kuku watano. Khaemba aliuza baiskeli yake, pesa zikaingia kwenye petroli ya Bwana Kiprugut, yeye akaanza kwenda kortini kwa miguu. Siku ya kura alipiga mbili, maana wakati huo elimu na miaka ya kazi vilimwongezea mtu kura. Kiprugut akashinda, akawa Mheshimiwa. Khaemba akamwandikia mkewe: "Anza kufunga mizigo." Nabalayo hakusubiri kuambiwa tena. Shamba akamwachia shemeji yake, akakaa Kimilili akingoja.

Mwaka uliofuata hoja ya vyumba ililetwa Barazani, ikaanguka kwa kura moja.

Kura moja! Mji ukachanganyikiwa. Huyu alisema Mheshimiwa aliunga mkono, yule akaapa kwamba alipinga, wa tatu akasema alikuwa nje anakunywa chai. Kitabu cha Baraza, kinachoandika nani alipiga kura upande gani, kingefika Nakuru baada ya miezi. Khaemba aliwasikiliza wote, na kila aliyesema alimwamini mpaka mwingine aanze kusema.

Hatimaye Mheshimiwa akaja mwenyewe. Mkutano ulipewa kibali kwa sharti kwamba Inspekta mmoja Mzungu aandike kila neno, na Khaemba akaitwa amkalimanie. Akakaa kando yake, mdomo karibu na sikio la Mzungu.

Eucabeth akasimama. "Mheshimiwa, kuku yangu ulikula, na mimi sina ubaya. Lakini tuambie. Ile siku ya maneno ya nyumba, wewe hukutusaidia?"

"Hapana," akasema Mheshimiwa.

Nusu ya ukumbi wakapiga makofi. Nusu wakaguna. Wale wa makofi wakageuka kuwatazama wanaoguna, halafu wakaacha.

"Amesema nini?" Inspekta akauliza.

Khaemba akalipima neno lile. Ingekuwa Kemboi, angejua: hapana, si hivyo, niliwasaidia. Lakini huyu alikula miaka sita ya Uskoti. Pengine alijibu kama wao: hapana, sikuwasaidia. Neno moja lilikuwa limewabeba Nabalayo na watoto, na yeye, bingwa wa mkoa mzima, hakujua linaelekea wapi.

Akafanya jambo ambalo mkalimani hafanyi. Akasimama, akauliza swali lake mwenyewe.

"Mheshimiwa, samahani. Ulipiga kura ya kukubali ama ya kukataa?"

"Ya kukataa, ndugu yangu." Mheshimiwa hakukwepa. "Vyumba vilikuwa arobaini, kwa nchi nzima. Tungekubali arobaini, kesho wangesema tumeshapewa. Nilikataa ili tupewe vya kutosha."

Watu wakaanza kubishana. Khaemba akaketi. Maneno ya yule mtu yalikuwa na akili, hilo aliliona, na hapohapo alitamani kumkaba koo. Alikubaliana naye na kumchukia kwa wakati mmoja, na hakujua la kufanya na mambo hayo mawili.

"Amesema nini?" Inspekta akarudia.

Khaemba akamwambia kwa Kiingereza, kama kazi inavyotaka: nilivikataa vyumba. Inspekta akaandika. Safari hii sauti ilikuwa yake na hasara ilikuwa yake.

Jioni hiyo akamwandikia Nabalayo. Alijaribu kueleza vyumba arobaini, kura moja, na kwamba aliyekataa alikataa kwa kuwapenda. Aliposoma barua hakuielewa hata yeye, akaituma hivyohivyo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, mstari mmoja. "Baba Wekesa, kwani hututaki?"

Khaemba akachukua karatasi. Akaandika Hapana, akaitazama, akaikata. Akaandika Ndiyo, akashtuka, akaikata haraka kabla wino haujakauka. Wenzake wa chumbani wakamuuliza kama ni mgonjwa. Akachukua karatasi nyingine, akaandika: "Nawataka. Pandeni treni ya Jumamosi."

Akaipeleka posta palepale, kabla hajajua watalala wapi.