Unga kwenye Sinia

Mjukuu wangu akichekecha unga wa mahindi, harufu yake hunirudisha Utange, jikoni kwetu.

Kabla ya kusonga sima, mama alikuwa akitandaza unga kwenye sinia, nami naandika maneno kwa kidole. Nikikosea, anatikisa sinia, naanza upya. Jioni moja baba aliingia kutoka machimboni, mweupe kwa vumbi la mawe.

“Baba, zamu yako. Nimeandika nini?”

Aliinama, akatazama sana. “Umeandika mama.”

Nilicheka hadi nikashika tumbo. “Nimeandika baba. Hata baba hujui?”

Hakucheka. Mama akatikisa sinia upesi. “Mwache, vumbi limemwingia machoni.”

Lakini macho yake yalikuwa mazima, yakitazama chini. Nikaona haya, nisijue pa kuuweka uso wangu.

Tulipokaa kusali, baba alichukua Biblia. Kila jioni, Mungu amrehemu, alikuwa akitusomea zaburi ile ile. Safari hii aliifungua, kisha akaniwekea mapajani.

“Leo soma wewe, mwanangu,” akasema taratibu. “Na unionyeshe kila neno unalolisoma.”