Fundi Cherehani na Mshonaji wa Ukutani

Fundi alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipopanda ndege kwa mara ya kwanza, na hakuwa akienda kutibiwa wala kumwona mjukuu. Alikuwa anakwenda kusoma. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia habari zake huuliza mara mbili: kusoma nini? Historia ya sanaa. Picha, yaani. Zile za kuchorwa kwa rangi, zinazotundikwa ukutani watu wakasimama mbele yake mikono nyuma, kama wamefiwa.

Kabla ya hapo alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, cherehani mbili, na meza ya kukatia iliyolainika ukingoni kwa kusuguliwa na matumbo ya mafundi watatu waliopokezana. Pale zilipita sare za shule, magauni ya harusi, na suruali za wanaume wanaoapa kwamba wao hawajanenepa, ni kitambaa kimerudi. Alishona kwa mkono wa kushoto. Bibi aliyemfundisha kazi alijaribu kumhamishia kulia, akashindwa, akamwambia kwamba nguo zake zitakuja kuvaliwa na watu wanaotembea kinyumenyume. Wateja walipanga foleni vilevile. Lakini neno lile lilimkaa.

Watoto walipoanza kujitegemea, akafanya mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo kikuu, akapita. Dada yake mkubwa akamuuliza kama ameishiwa vitambaa. Akamjibu kwamba vitambaa vipo tele, kilichoisha ni subira.

Darasani walimwita Shangazi. Mwanzoni ilikuwa dhihaka kidogo, maana aliandika polepole na kuuliza sana. Mwaka wa pili ikawa heshima, maana hakuna kifungo cha mwanafunzi yeyote kilichodondoka kikabaki chini. Mwaka wa tatu ukaja na ile safari.

Ilikuwa ziara ya masomo ya siku kumi nchi ya nje. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mapema picha moja iliyoko katika makumbusho fulani kubwa, kuichunguza, kisha kusimama mbele ya picha yenyewe na kuieleza kwa dakika kumi na tano. Mwalimu wao, mwanamume mpole wa sauti na mgumu wa alama, mdogo kwa Fundi kwa miaka kumi hivi, aliwaambia bila kuzunguka: atakayeshindwa maelezo hayo hahitimu, atasubiri ziara nyingine, baada ya miaka miwili. Miaka miwili kwa msichana wa ishirini na mbili ni mapumziko. Kwa mtu wa hamsini na mmoja, mwenye wateja wanaomsubiri na magoti yanayolalamika, hiyo ilikuwa njia ya kumwambia asirudi.

Fundi alichagua picha yake katika kitabu kikuukuu cha maktaba. Ilikuwa ndogo kama kiganja, haina rangi, nyeusi na nyeupe tu. Chini yake pameandikwa: Mwanamke Akishona. Mwanamke ameketi karibu na dirisha, nguo iko mapajani, sindano mkononi. Na mkono ule ulikuwa wa kushoto.

Alipoona hivyo alikifunga kitabu, akakifungua tena, kama mtu anayehakikisha mgeni hajaondoka. Basi akaandika kurasa kumi na mbili. Aliandika habari za mikasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia peke yake, za watoto waliofungwa mkono wa kushoto ili wauache, na za mchoraji aliyethubutu kumchora mwanamke huyo bila kumsahihisha. Zilikuwa kurasa nzuri. Alizijua kwa moyo.

Siku ya maelezo waliingia makumbusho saa tatu asubuhi. Mabegi yakawekwa kwenye makabati, wakabaki na daftari na penseli. Ukumbi ulikuwa mrefu, sakafu ya mbao inayolia kwa kila hatua, na mlinzi ameketi pembeni kwenye kiti akiwahesabu kwa macho. Fundi akaenda moja kwa moja kumtafuta mshonaji wake.

Akamkuta. Ila dirisha lililokuwa upande wa kushoto wa picha kitabuni, hapa lilikuwa upande wa kulia. Na sindano ilikuwa katika mkono wa kulia.

Akasoma kibao: jina lilelile, mchoraji yuleyule, mwaka uleule. Mwalimu akaja akasimama ubavuni mwake, akatazama picha, akatazama kurasa zilizokuwa mkononi mwa Fundi, akaelewa. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba vitabu vya zamani vina hilo. Kiwandani filamu hupinduliwa kwa bahati mbaya, picha ikachapwa kinyume, na hakuna anayegundua mpaka amefika. Ndiyo maana wanaletwa huku, alisema. Kisha akaongeza kwamba Fundi ni wa tatu kusema, na ana kama dakika arobaini.

Msichana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja akamvuta pembeni. Alimshauri asiutaje mkono kabisa, azungumzie namna nuru inavyoingia dirishani na ule utulivu, mambo ambayo hayamkoseshi mtu.

"Mwanga, Shangazi," alisema. "Mwanga hauna kushoto wala kulia."

Ushauri haukuwa mbaya. Nusu ya darasa ilikuwa inaishi kwa mwanga na utulivu. Lakini Fundi alizikunja zile kurasa kumi na mbili, akazitia katikati ya daftari, akaketi kwenye benchi lililoelekea picha. Hakuwa na hofu. Alikuwa amekasirika kidogo, na hasira ya fundi huenda machoni. Akaanza kuitazama picha ile kama anavyotazama nguo ya mteja anayedai ilishonwa vizuri ila inambana: kwanza pindo, kisha mishono, mwenyewe baadaye. Wa kwanza akasema akamaliza. Wa pili akasema akamaliza. Fundi hakumsikia hata mmoja.

Alipoitwa alisimama kando ya picha, akawageukia wenzake.

"Nilikuja kuwaambia kwamba mwanamke huyu anashona kwa kushoto, kama mimi," alisema. "Nimeandika kurasa kumi na mbili. Sivyo. Kitabu kilimgeuza, na mimi nikakiamini kwa sababu nilitaka kukiamini. Mficha uchi hazai, kwa hiyo tuanze upya."

Wachache walicheka. Mwalimu hakucheka, alikuwa anaandika.

Fundi akawaomba watazame nguo iliyo mapajani. Ni gauni la mtoto, la buluu iliyopauka kwa jua na kufuliwa. Lakini chini kabisa pana ukanda wenye upana wa vidole viwili, buluu ileile ila imekoza, kama siku ilipotoka dukani. Katika kitabu kisicho na rangi ukanda huo hauonekani. Fundi yeyote anajua unatoka wapi: ni kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani ya pindo, jua halikukifikia. Kisha akawaonyesha vipande vya uzi vilivyotapakaa juu ya sketi ya mwanamke. Ni vifupi, na vyote vimejikunjakunja. Uzi mpya hulala umenyooka. Uzi uliojikunja hivyo umekaa mwaka au miaka ndani ya mshono.

"Hashoni," alisema Fundi. "Anafumua. Mtoto amerefuka, pindo linateremshwa."

Hapo kijana mmoja aliyebandikwa jina la Profesa, kwa kuwa alisoma vitabu kuliko waliovitunga, akanyanyua penseli. Alisema kwamba hilo ni wazo zuri, lakini sindano iko mkononi, na sindano ni ya kushonea.

"Njoo karibu, baba. Tazama tundu la sindano. Uzi uko wapi?"

Profesa akainama mpaka mlinzi akakohoa. Akakiri kwamba uzi hauonekani. Labda mchoraji aliusahau, akasema.

"Mtu aliyechora kila kipande cha uzi kwenye sketi, na mkunjo wake, ndiye asahau ule mmoja wa kwenye sindano?" Fundi aliuliza polepole, bila kumcheka. "Sindano tupu ndiyo tunayoinulia mshono bila kuchana kitambaa. Mkasi ungeharibu gauni, na gauni hili bado lina kazi."

Profesa akasimama wima, akafuta kitu katika daftari lake. Mwalimu akasogea mwenyewe, akaivua miwani, akaivaa tena. Darasa zima likamfuata nyuma, mlinzi akainuka kitini kuwaomba warudi hatua mbili. Hawakurudi upesi.

"Kwa hiyo, mama, jina lililo kwenye kibao ni kosa?" Mwalimu aliuliza.

"Si kosa kubwa, Mwalimu. Kufumua ni nusu ya kushona. Ila aliyeandika kibao hakuwahi kushika sindano."

Mwalimu akawauliza wengine kama kuna pingamizi. Hapakuwa na pingamizi. Akamwambia Fundi kwamba maelezo yake yamepita, na yamepita kwa alama ambayo hajaitoa miaka mingi. Lakini insha ile ya kurasa kumi na mbili imekufa, na anataka nyingine kabla hawajapanda ndege ya kurudi. Siku nne.

Fundi akasema siku nne zinamtosha. Amewahi kumaliza gauni la bibi harusi kwa siku mbili, na bibi harusi alikuwa anazidi kunenepa.

Wenzake walihamia chumba kingine kumsikiliza wa nne. Yeye aliomba ruhusa abaki kidogo, akaketi tena kwenye benchi, akafungua ukurasa mtupu wa daftari na kuushikiza kwa mkono wa kulia ili usicheze. Kisha akaandika sentensi ya kwanza: "Mwanamke huyu hashoni." Akaitazama, akaona imekaa sawa, akaendelea na ya pili.