Anajisaidia Kitandani

Nyie, nicheke au nilie? Jana bibi wa serikali alikuja kwetu Thamesmead, huku ughaibuni, kuona kama mdogo wangu Haji anastahiki posho ya watoto wenye ulemavu. Haji ana miaka tisa, hasemi wala hatembei. Mama Kiingereza hakimpandi, basi mkalimani ni mimi, ninayeona haya hata kuitika jina darasani.

"Mwambie usiku anajisaidia kitandani," Mama alisema kwa sauti ya chini.

Neno hilo kwa maana hiyo sikulijua; sisi nyumbani husema kukojoa. Nikalitafsiri lilivyo: usiku anajisaidia mwenyewe. Nilidhani Mama anamsitiri mwanawe mbele ya mgeni, kama kawaida yake.

Yule bibi akaandika, akatabasamu. "Hodari! Kumbe usiku hahitaji msaada."

Msaada kwa Kiingereza Mama anaujua. "We Mariamu, umemwambiaje?"

Nikamweleza. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliingia chumbani, akarudi na shuka ya Haji, bado imerowa, akaitandaza mbele ya mgeni huku machozi yanamtoka.

"Haya, mwanangu. Mtafsirie na hii."