Giga Mia na Ishirini na Nane za Uongo

Mpaka leo nikipita mbele ya lile duka la simu mjini Voi, hasira hunipanda upya. Nyingine ni ya kumkasirikia mwenye duka na nyingine ni ya kujikasirikia mwenyewe, ila ya kwake ni kubwa zaidi, na sitaki mtu aniambie nisamehe haraka.

Mama yangu anaishi milimani juu ya Mwatate, katika nyumba aliyojengewa na marehemu baba. Presha ya macho ilimpofusha polepole, jicho moja kisha la pili, lakini haikumtoa kwenye kwaya. Kanisani kwetu hakuna kinanda. Kabla ya kila wimbo kuna mtu mmoja anayetoa sauti: anaimba ile noti ya kuanzia, taratibu, waimbaji wa sauti zote nne wanaipokea, ndipo wimbo unaanza. Mtu huyo alikuwa mama, tangu mimi sijazaliwa. Akianzia juu, kina mama wa sauti ya kwanza wanapiga mayowe. Akianzia chini, wanaume wa besi wanazama. Kwa hiyo hakukosea.

Alipokuwa anaona, alisoma noti vitabuni. Macho yalipokwenda alibaki na kaseti ambazo baba alirekodia mazoezi ya kwaya kwa miaka mingi. Alizisikiliza kila siku ili nyimbo zisimtoke. Sasa kaseti nazo zikaanza kutafunwa na redio. Nikazibeba zote, kikapu kizima, nikampelekea fundi wa studio Voi azitie kwenye kompyuta. Alinionya nisimwache mtu yeyote azibane ziwe faili ndogo, maana sauti zitakonda na mama hatajua noti ilianzia wapi. Zikabaki kubwa, na ndiyo sababu nikawa mtu wa kutafuta kadi ya kumbukumbu yenye nafasi kubwa.

Jamani, jaribu kumtafutia mama kipofu chombo cha muziki kwa pesa ya ushonaji. Kabambe, ile simu ndogo ya bei rahisi, ina vitufe vizuri, lakini ukiitilia kadi kubwa inaapa kwamba hakuna kadi. Simu ya kupapasa ina nafasi tele, lakini uso wake ni kioo kitupu, sasa asiyeona apapase nini? Vile viredio vya kadi, kila ukizima vinarudi wimbo wa kwanza. Mama angesikiliza kaseti moja mpaka kiama. Vichezaji vya kweli nilivipata Mombasa, kwa bei ya mbuzi wa maziwa na mtoto wake. Wanaotengeneza vitu hivi wanadhani maskini haoni tofauti, na kipofu hana haja ya muziki.

Ndipo nikaingia kwenye duka lile.

"Kwawuka mana?" mwenye duka alinisalimia, kwa Kidawida safi, lugha yetu ya mlimani, kabla sijafungua mdomo. Akaniuliza natoka upande gani. Nilipomwambia, akalitaja kanisa letu na mteremko wa kwenda shuleni. Nikamweleza habari ya mama asiyeona, naye akatoa kidude cheusi kinachoenea kiganjani, MP3 yenye vitufe vitano na spika yake ndogo, na kadi pembeni.

"Dada, hii ndiyo itamfaa mama. Akibonyeza anasikia kabisa kwa kidole. Na hii kadi ni giga mia na ishirini na nane, orijino. Atasikiliza mpaka achoke."

Akakitia wimbo, ukalia vizuri. Bei ilikuwa ya kunifaa.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipokosea. Yule fundi wa studio alikuwa ameniambia: kadi za uongo zimejaa, zinaiambia kompyuta ni kubwa na ndani ni ndogo. Jaza kadi yote palepale dukani, kisha cheza wimbo wa mwisho, usicheze wa kwanza. Nilikuwa na kompyuta ya kuazima kwenye mkoba. Sikuitoa. Kwetu, mtu wa mlimani akishakusalimia kwa lugha ya nyumbani na kulijua kanisa lako, kuipima bidhaa yake mbele yake ni kumwita mwizi. Niliona aibu. Nikalipa, nikashukuru, nikaenda kuijaza kadi nyumbani, kompyuta ikasema zote zimeingia.

Mama alifurahi mpaka akalia. Nilimfundisha vitufe, nikarudi Voi kwenye cherehani yangu. Simu zake zote zilisema mambo ni mazuri.

Baada ya wiki tano nilipanda tena mlimani. Nilimkuta amekaa kitandani, kidude mapajani hakitoi sauti.

"Mama, mbona husikilizi?"

"Nasikiliza," alisema. Kisha akageuza uso. "Mwanangu, masikio nayo yanaondoka."

Siku za kwanza nyimbo zililia. Kisha siku moja akabonyeza, kimya. Akabonyeza mbele, kimya. Akakisikia kidude kimepata moto mkononi, kwa hiyo kinafanya kazi. Watu alikuwa anawasikia wakiongea, lakini hata macho yalianza hivyohivyo, alisema, kidogo kidogo, upande mmoja. Hakuniambia kwa sababu alijua ningeuza cherehani nimpeleke hospitali.

Nilikichukua kidude. Kwenye kile kioo chake kidogo kilikuwa kimeandika kwamba faili zimeharibika. Kilikuwa kimeandika hivyo wiki kadhaa, kwa mtu asiyeona.

"Lakini mama, hukufikiri kwamba kimeharibika?"

"Kitu kipya, umeninunulia wewe, kwa mtu wa kwetu. Kiharibike kwa nini?"

Kesho yake asubuhi nilikuwa dukani.

"Dada, si nilikuchezea wimbo ukasikia?" alisema. "Mimi pia nauziwa tu Nairobi. Siwezi jua ndani kuna nini."

"Ulijua! Ndiyo maana ulicheza wimbo mmoja!"

Akainama, akaanza kunibembeleza kwa Kidawida, nisimwaibishe mbele ya wateja. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika barabarani. Akanipa kadi nyingine. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaijaza yote kwa ile kompyuta ya kuazima, nikacheza wimbo wa mwisho: kimya. Nikamrudishia mkononi, nikadai pesa ya kadi yangu mbele ya wote, akanipa. Duka la tatu kutoka pale nikanunua kadi mbili ndogo za kweli, nikazipima moja moja, na muuzaji hakukasirika hata kidogo. Kumbe haikuwa tusi.

Mama alipozisikia nyimbo alicheka, akajivuta masikio kama mtoto. Nikamwambia Jumapili atoe sauti kama kawaida.

"Nilishajiuzulu," alisema. "Niliwaambia kiziwi hawezi kutoa sauti. Wamemsimamisha mama mwingine mbele ya kanisa. Tulimpigia makofi, na mimi nilipiga."

"Nitaenda kuwaeleza."

"Wewe utakaa hapo hapo. Yule mama naye ana moyo. Hajaniibia kitu."

Hajaiba, ndiyo. Aliyeiba yuko Voi, anasalimia watu.

Jumapili nilikaa na mama kwenye benchi la waumini, nyuma ya kwaya. Yule mama mwingine akasimama, akakohoa, akatoa sauti. Mama akanishika goti.

"Imeanza chini," alininong'oneza.

Wanaume wa besi wakazama. Mama alifunga mdomo, akasikiliza wimbo wote mpaka mwisho, na hakuna neno lililompita.