Dada Luan na Ramani ya Kumbukumbu

Saa sita na nusu mchana taa za ghorofa ya saba huzimwa. Watu hulaza vichwa mezani, kila mtu na mto wake mdogo, na kwa saa nzima husikii kitu ila feni za mashine. Katika giza hilo la mchana alikuwapo mtu mmoja aliyetembea. Chiu Hsiu-luan, ambaye sote tulimwita Dada Luan, alikuwa na miaka hamsini na saba, mfupi, mwenye viatu vya raba, na tangu nimfahamu sikuwahi kumwona akilala mchana. Alipita kati ya meza hadi maabara, akaigusa mashine kama mama anayepima homa ya mtoto, akarudi, akashuka ngazi mpaka chini, akapanda tena. Chakula chake alikula amesimama dirishani. Wenye usingizi mwepesi walimbandika jina, Jini la Saa Sita. Naye alilijua.

"Jini likilala," aliwajibu, "nani atawalindia kumbukumbu za mashine zenu?"

Hapa kwetu Neihu, upande huu wa Taipei, tunaandika programu ambayo mnunuzi haioni kamwe. Ni ile inayoamka ya kwanza kompyuta inapowashwa. Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, ukishtuka kutoka usingizini haujui lolote, hata ukubwa wa kumbukumbu ya mashine hauujui. Programu yetu huupa ramani. Kuanzia hapa hadi pale ni kumbukumbu ya kawaida, tumia upendavyo. Hapa ni pangu, usiguse. Na siku hizi ipo aina ya tatu: hapa ni pazuri, panafanya kazi, lakini pametengwa kwa shughuli maalumu; paache mpaka mwenye shughuli aje apaombe. Mfumo endeshi huiamini ramani hiyo kama mgeni anavyomwamini mwenyeji wake. Ukiambiwa mahali fulani ni pa kawaida, unaanza papo hapo kutandaza vitu vyako, na baadhi ya vitu hivyo vikishakaa having'oki mpaka mashine izimwe.

Mchora ramani wetu alikuwa Dada Luan. Alizaliwa Miaoli, akasoma shule ya ufundi, na akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa akiunganisha vipuri kwa risasi iliyoyeyushwa katika kiwanda cha Sanchong, mbao za kompyuta, zile bamba zinazobeba vipuri vyake, mia mbili kwa siku. Lugha ya mashine alijifunza kwenye vitabu vya maelekezo vilivyotupwa kwa sababu kurasa zake zilikuwa zimelowa. Shahada hana. Sisi wenye shahada, mara nyingi nimewasikia wakubwa wakisema, ndio tuliolijenga jina la nchi hii duniani. Uongo mtupu. Kila tulipokwama tulimfuata mwanamke huyo ngazini, kwa sababu kwenye kiti chake hukumkuta.

Siku moja, kati ya ghorofa ya nne na ya tano, bila kusimama, alinieleza kwa nini hatulii.

Ramani huku kwetu hairuki kutoka kichwani mwa mtu. Hurithiwa. Mradi mpya ukianza, unanakili faili la mradi uliopita, unabadili unachokielewa, na usichokielewa unakiacha kilivyo, maana hakuna anayethubutu kuugusa mstari ulioandikwa na mtu aliyekwishaacha kazi. Mwaka ambao mimi nilikuwa bado shule ya msingi, Dada Luan alinakili hivyo. Ubao mpya ulikuwa na kifaa cha kupima joto kilichoandika taarifa zake mahali fulani kwenye kumbukumbu, na ramani ya zamani iliendelea kupaita mahali hapo pa kawaida. Mfumo endeshi ukaweka vyake palepale. Kifaa kikaandika juu yake. Mashine zikaanza kuzimika, leo moja, kesho tatu, bila mpangilio, kwa wiki kumi na moja.

Lawama ilimwangukia Pang Ting-kuo, aliyeandika kiendeshi, yaani programu inayokiongoza kifaa hicho. Meneja wa wakati huo alimkosoa mbele ya mteja, na Pang akaacha kazi wiki hiyohiyo. Siku tisa baadaye Dada Luan aliupata mstari wenye kosa. Ulikuwa wake.

Alipanda treni mpaka Hualien, akamkuta Pang kwenye duka la tambi la mkewe, akamweleza yote. Pang alimpakulia bakuli. "Kula, Luan," alimwambia. "Ningekuwa wewe, nisingekuja." Pang hakurudi tena kwenye kompyuta.

"Tambi zilikuwa tamu," Dada Luan aliniambia, akafungua mlango wa ghorofa ya tano na kutokomea.

Sasa mashine yenyewe. Mteja wetu wa mwaka huu alikuwa kampuni inayochambua picha za mapafu kutoka hospitali. Tulimtengenezea kompyuta yenye kumbukumbu ya kawaida giga 256, na nyingine giga 128 za kasi kubwa, zilizowekwa kwa ajili ya uchambuzi wa picha tu. Dada Luan alizitia alama ya aina ya tatu kwenye ramani. Mfumo endeshi ukatii, ukaziweka kando, na kioo kikaonyesha jumla ya 256.

Meneja Kang hakupenda. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyekwisha kuwaogopa wateja mpaka hofu imekuwa tabia. Alisema mteja ameahidiwa 384, na akiona 256 atadhani tumempunja. Alimtaka Dada Luan aitoe alama kabla ya ukaguzi wa Alhamisi. Dada Luan alikataa. Alimweleza kwamba alama ikiondoka, mfumo endeshi utazidhani za kawaida na kuzijaza takataka zake, na kiendeshi cha picha kikija kuomba sehemu yake kitakuta imekwisha kukaliwa. Tena kitakacholaumiwa ni kiendeshi.

"Alama moja tu, Dada Luan."

"Na mimi ni mtu mmoja tu, Meneja. Kiendeshi hicho kakiandika Yi-chen. Ukimsema kwa kosa la ramani yangu, sitanyamaza."

Tung Yi-chen ana miaka ishirini na sita na anaongea kwa sauti ya chini. Alikuwa akiwasikia wote wawili, mita tatu kutoka pale.

Siku iliyofuata Meneja Kang alinijia mimi. Aliniambia ninakili ramani ya mradi wa mwaka jana, ambayo ilikwisha kupita majaribio yote. Ramani ya mwaka jana haikuwa na aina ya tatu. Nilijua. Nilijiambia ni kwa ajili ya maonyesho tu, tutairudisha nzuri Ijumaa. Nikanakili. Juu kabisa ya faili bado palisomeka jina la Chiu Hsiu-luan, kwa sababu majina nayo hurithiwa.

Alhamisi saa nane mchana walifika watu watatu. Kiongozi wao alikuwa Mhandisi Shih, mama wa makamo mwenye koti la kijivu, asiye na maneno mengi. Kioo kilionyesha 384 na Meneja Kang akatabasamu. Kisha Mhandisi Shih akaomba waijaribu programu yao wenyewe, na Yi-chen akaiwasha. Kiendeshi kikaomba giga zake 128. Jibu likaja: hakuna nafasi. Akajaribu tena. Hakuna. Masikio yake yakawa mekundu.

Meneja Kang alicheka kidogo. Akasema kiendeshi bado kichanga, na aliyekiandika naye bado mchanga, kwa hiyo wampe wiki moja.

Kwetu mhandisi haongei mbele ya mteja asipoulizwa, na kumkanusha mkubwa wake hapo ni sawa na kuandika barua ya kuacha kazi. Dada Luan hakualikwa hata kwenye mkutano. Alikuwa amesimama mlangoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu.

"Meneja," alisema, "kiendeshi ni kizima."

"Dada Luan, tutaongea baadaye."

"Mara ya kwanza nilingoja baadaye." Akaingia ndani. "Mbovu ni ramani. Na jina lililo juu ya ramani ni langu, si la Yi-chen."

Mhandisi Shih akamwuliza kama anaweza kumwonyesha. Dada Luan aliinamia kibodi bila kukaa, akaitoa ramani kwenye kioo, na mara ile vidole vyake vikasimama. Giga zote 384 zilikuwa kipande kimoja, cha kawaida. Alikuwa ametegemea kukuta alama imefutwa. Alichokikuta ni ramani nzima ya mwaka jana. Katika timu yetu ni watu wawili tu wenye ruhusa ya kubadili faili hilo, yeye na mimi. Aligeuka akaniangalia.

"Mdogo wangu, ile yenye alama unayo?"

"Ninayo," nilisema. "Mimi ndiye niliyeiondoa."

Aliniachia kiti, nikairudisha ramani yenye alama na kuiwasha mashine upya.

Mashine ya namna ile huchukua dakika saba kuamka. Tulizikaa zote saba. Mtu alimimina chai ambayo hakuna aliyeinywa, Yi-chen alitazama mikono yake, na Dada Luan alizunguka meza mara nne. Kioo kikawaka: 256. Programu ikaendeshwa, kiendeshi kikaomba, kikapewa giga 128 zote, na picha ya kwanza ya mapafu ikajitokeza kabla sijavuta pumzi.

Mhandisi Shih akamwuliza Meneja Kang kwa nini walitaka kuficha jambo zuri kama hilo. Meneja Kang alijibu kwamba namba ingeonekana ndogo.

"Ningeiona ndogo, ningeuliza," alisema yule mama. "Nina mdomo."

Mkataba ulibaki. Jumatatu Dada Luan alihamishiwa jengo la nyuma, kunakoshughulikiwa mbao za kompyuta za zamani zinazorudishwa na wateja, na ramani nikapewa mimi. Niliposikia niliwaka. Niliandika barua ndefu kwa uongozi kudai arudishwe, yenye maneno haki na heshima mara nyingi kuliko ilivyofaa, nikazunguka ghorofa nzima kutafuta saini. Watu arobaini, saini tisa. Nikaipeleka jengo la nyuma ili aisome kwanza.

Aliisoma akitembea kati ya rafu zilizojaa mbao za kompyuta zilizoungua. Alirekebisha namba ya mradi, ambayo nilikuwa nimeikosea, akanirudishia.

"Yi-chen yupo kazini?" aliuliza.

"Yupo."

"Alisemwa?"

"Hakusemwa. Meneja amempa hata mradi mwingine."

"Basi hiyo barua kaiweke kabatini," alisema, akachukua ubao uliofuata, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, na kuanza kuukagua huku akielekea mwisho wa chumba.

Sikuiweka. Niliipeleka, na saini zake tisa. Mpaka leo haijajibiwa.